La Nyuma Litoke

Wazo,
Jumapili, 8 Juni 2025

Baba,

Shikamoo.

Najua utashangaa kuuona mwandiko huu. Tangu Rogers anioe hujawahi kuisikia sauti yangu, wala mimi sijakutazama usoni. Ndivyo bibi yangu alivyonifunza kule Tukuyu kabla sijavuka kizingiti chenu: baba mkwe haongeleshwi, hatazamwi, hatajwi. Siku zote mama mkwe ndiye aliyekuwa mdomo wangu kwako. Sasa mama yuko Tukuyu anamuuguza dada yake, Rogers na lori lake wamekwama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa na simu yake haipatikani, na mwanangu yuko kwako Kipawa likizo nzima. Nikikupigia simu utapokea wewe, na wewe ndiye nisiyeweza kusema naye. Nimekaa nikawaza, nikaona karatasi haina sauti wala uso. Kama nimekosea, mrudishie aliyeileta.

Aliyeileta ni Gladness, jirani yangu. Ana duka la vitenge hapo Kipawa, anakuja asubuhi na kurudi Wazo jioni.

Monica asinywe soda usiku. Nyama ya yule mwenye pembe apewe iliyoiva sana, ngumu huwa anaificha chini ya sahani. Na kuna jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku nilipokuwa namfungashia nguo nilimwona ufizi wa chini, nyuma ya meno ya mbele, umevimba kama kuna kitu kinasukuma. Jino la mbele lenyewe lilikuwa halichezi hata kidogo. Naomba umtazame kinywani uniambie unaona nini. Kwenye meno ya mtoto huyu sitaki mchezo.

Mkweo,
Tusajigwe, mama Monica


Kipawa,
Jumanne, 10 Juni 2025

Mkwe wangu, mama Monica,

Marahaba. Gladness sikumrudisha na barua. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu na sijapata kusikia mwiko uliotaja wino. Andika. Mwandiko wako ni mzuri, ila koma unazimwaga kama chumvi.

Nimeiona hiyo "nyama ya yule mwenye pembe". Nilicheka peke yangu. Najua hulitaji neno lile kwa sababu limo ndani ya jina langu, Mwang'ombe. Rogers aliwahi kunisimulia kwamba hata buchani unaagiza kwa mafumbo, mpaka siku moja ukapewa ya mbuzi. Mbuzi naye ana pembe, mkwe wangu. Na akasema huishii kwenye jina tu: neno lolote linaloanza na hilo ng'o unaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Sawa. Umelelewa vizuri, na mimi sina neno.

Sasa tuje kwenye jino. Nilimkalisha Monica mlangoni penye mwanga nikamwambia afumbue kinywa. Nilishtuka. Nyuma ya jino la mbele la chini kuna jingine limechomoza, limesimama mgongoni kwa mwenzake kama mtu anayesubiri dirisha la benki. Na hilo la mbele nimelijaribu kwa kidole, limeshika kama msumari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni sijaona alichoponya. Walisema pia mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi la Monica lenyewe ni dogo.

Rafiki yangu Gervas, tunayeimba naye kwaya, alikuwa dresa wa zahanati zamani na bado watu wa mtaa wanamfuata kwa mambo ya meno. Anasema moja lazima liondoke, na yuko tayari hata leo. Nimemwambia asubiri, mtoto ana mama. Niandikie unatakaje, nami nitafuata neno kwa neno. Sitaongeza wala kupunguza.

Babu yake Monica


Wazo,
Alhamisi, 12 Juni 2025

Baba,

Shikamoo, na asante kwa kunipokea. Koma nitazipunguza.

Niliposoma barua yako nilimwomba Gladness ampige Monica picha kinywani. Jana nikaomba ruhusa kazini, maana kwenye yadi ya tofali karani akiondoka hakuna anayeandika mzigo, nikaenda na picha hiyo kwa daktari wa meno Tegeta. Daktari akaikuza kwa vidole, akaitazama, akacheka, lakini si kwa dharau. Alisema watoto wa namna hiyo anawaona sana, hasa wa umri wa Monica.

Alieleza mengi. Mimi nakuandikia ya kushika:

Tusihangaike. La nyuma litoke. La mbele mwachie mwenyewe.

Basi. Kuna neno moja lingefaa zaidi hapo lakini siwezi kuliandika, na mwalimu kama wewe hahitaji kutafuniwa. Mtu yeyote akikushauri kinyume cha hayo usimsikilize, hata awe na miaka mingapi kazini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nimeshaamua.

Mkweo,
Tusajigwe


Kipawa,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mkwe wangu,

Nimekuelewa. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikashangaa kidogo, nikaisoma ya pili nikaona hakuna cha kushangaa, daktari ni daktari. Umeandika kama mwalimu mkuu. Ningekuwa na walimu watatu wa aina yako zamani zile, shule yangu ingeongoza wilaya.

Gervas alitaka kunibishia. Nikamwekea barua mezani, nikamwambia mama wa mtoto amesema na daktari amesema, wewe na mimi ni nani? Akaikunja barua, akanirudishia. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, litatoka. Monica nimeanza kumwandaa, ila juzi na jana amenuna.

Nyama ninamchemshia mpaka inakatika kwa kijiko.

Babu yake Monica


Wazo,
Jumanne, 17 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Umenichekesha mpaka Gladness akaniuliza nimepewa nini. Tangu lini jino likapangiwa siku? Litatoka likitaka lenyewe, hata likichukua mwezi. Lakini kama babu mtu ameshalipangia Jumamosi, haya, na litoke Jumamosi. Mama mtu nimeridhia kwa moyo mmoja.

Asante sana kwa kumnyamazisha huyo mzee Gervas. Hapo umenisaidia kuliko unavyojua. Usingizi nimeanza kuupata.

Mwambie Monica kununa kunaharibu uso, na mama yake anampenda.

Tusajigwe


Kipawa,
Ijumaa, 20 Juni 2025

Mkwe wangu,

Ridhaa yako nimeipata na nimemsomea Gervas kwa sauti, maana alikuwa bado anasuasua. Nilipofika kwenye "moyo mmoja" akakunja miwani, akasema haya, yaishe. Koleo ameshalichemsha. Kesho saa tatu, baada ya chai, nitampeleka Monica kwake.

Usiwe na wasiwasi wa maumivu, sindano ya ganzi anayo. Anasema hilo la nyuma halitampa kazi kwa kuwa bado changa na mzizi wake haujakomaa, ingawa itabidi afungue ufizi kidogo ili alishike. La mbele hataligusa, Monica atabaki nalo mwenyewe kama ulivyoagiza.

Monica analia tangu jana. Anadai la nyuma ndilo lake la ukubwani, eti mwalimu wao aliwafundisha. Nikamwambia mama yako amekwenda mpaka Tegeta kuuliza, mwalimu wenu amekwenda wapi? Ni mbishi kweli, sijui amemrithi nani.

Barua hii ninampa Gladness jioni hii. Ukiisoma, tuombee.

Babu yake Monica


Kipawa,
Jumapili, 22 Juni 2025

Mkwe wangu, mama Monica,

Tangu jana umchukue mtoto nimeanza barua hii na kuichana. Najua Gladness alichelewa kurudi Ijumaa, kwa hiyo barua yangu uliisoma jana asubuhi ukiwa huna tena muda wa kujibu kwa karatasi. Acha mimi nikusimulie ya upande wangu, kwa sababu ulikuwa umenipa mgongo na hukuyaona.

Tulikuwa tumeketi kwa Gervas, anafungua kisanduku chake, simu yangu ikalia. Nikasikia mwanamke anahema, anasema, "Baba! Baba, acha kwanza!" Nikamwambia, "Mama, umekosea namba." Akasema, "Baba, ni mimi!" Nikamjibu kila mtu duniani ni mimi. Nikakata, nikaizima kabisa, maana siku hizi matapeli wamejifunza hadi kulia. Nikamwambia Gervas tuendelee.

Mkwe wangu, yule alikuwa wewe. Umekaa katika ukoo wangu miaka yote hii, umenizalia mjukuu, na sauti yako nimeiita tapeli. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Kilichotuokoa ni ubishi wa mtoto. Monica aliufunga mdomo ukafungika. Gervas akambembeleza kwa pipi, akakataa. Nikamtisha, akanitazama tu. Gervas alipojaribu kupenyeza kidole, akamng'ata. Alimng'ata haswa, Gervas akaruka na kwenda kutafuta spiriti ya kujipaka, huku akiniambia, "Huyu ni Mwang'ombe mtupu!" Ikabidi wote watatu tupumzike, akatengeneza chai nyingine. Mara ya pili nilimshika mimi mwenyewe kichwa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo mlango ukafunguka akaingia mtu kinyumenyume. Amejitanda khanga mpaka usoni, anatembea kwa visigino, anapapasa ukuta, vumbi la bodaboda hadi magotini. Gervas alifikiri ni mwendawazimu. Yule mtu akarudi nyuma hadi akakigusa kiti, akanyoosha mkono bila kugeuka, akaufunika mdomo wa Monica kwa kiganja, akasema:

"Msing'oe! La nyuma msiling'oe!"

Hapo nikajua ni nani. Hakuna mwingine duniani ambaye neno lile lingemtoka kwa shida namna ile. Nami kwa mazoea nikageukia ukutani papo hapo. Tukawa wewe unatazama mlango, mimi natazama kalenda ya Gervas, mtoto katikati, na Gervas ameshika koleo hajui amwangalie nani.

Unakumbuka tulivyobishana? Mimi nasema, "Gervas, mwambie huyo mama yeye ndiye aliyeandika la nyuma litoke." Wewe unasema, "Mzee, mwambie baba, kutoka ni kuota! Meno ya mtoto yakitoka si yanaota?" Nikasema, "Mwambie mgonjwa akitoka hospitali hajaota huko." Gervas alitusikiliza akachoka. Akasema, "Jamani, mimi tangu mwanzo nilisema la mbele," akalitupa koleo kwenye sanduku.

Usiku wote nimebishana na wewe kichwani kwa sarufi. Litoke: liote, lichomoze. Litoke: liondoke. Mwachie mwenyewe: aliache libaki. Mwachie mwenyewe: alishughulikie yeye. Kiswahili kinakubali yote, na mimi niliyekifundisha nilichagua vibaya mara mbili katika mstari mmoja. Lakini asubuhi nimeona kosa haliko kwenye sarufi. Ungeandika neno moja tu, usiling'oe, nisingefika kwa Gervas. Hukuliandika kwa kuliheshimu jina langu. Basi jina langu lilitaka kumpotezea mtoto jino lisiloota mara mbili. Sikupewa jina kwa kazi hiyo.

Nimeamua. Mwiko huu kwa upande wangu nauondoa. Mama akirudi nitamweleza, atapiga kelele, atanyamaza. Jumapili ijayo njoo na Monica, pita mlango wa mbele, keti mezani, niite kwa jina ukitaka. Nitapika mwenyewe, na nyama itakuwa ya ng'ombe.

Nisamehe.

Babu yake Monica


Wazo,
Jumatano, 25 Juni 2025

Baba,

Shikamoo.

Nimekusamehe, na wewe unisamehe kwa barua iliyokupoteza. Ubishi wa Monica usitafute aliyemrithi, ametoka pande zote mbili.

Kwa kuwa hujawahi kuniona uso, kuna kitu hukijui. Nina pengo chini, mbele. Nilikuwa na umri wa Monica, jino likaota nyuma ya jino, mjomba wangu akaona hilo la nyuma ndilo baya, akaling'oa. La mbele likaanguka lenyewe mwaka uleule. Nikangoja, nikangoja, hakikuota kitu. Shuleni waliniita mlango wazi. Mpaka leo picha zote nilizopigwa nimefunga mdomo, hata za harusi. Kwa hiyo Jumamosi nilipokuwa juu ya ile bodaboda, baba, sikuwa nafikiria heshima. Gladness alikuwa amenielekeza nyumba ya Gervas, nami nilikuwa namwambia dereva apite popote penye nafasi, na kama ungekuwa umesimama mlangoni ningekupita pembeni. Kinyumenyume nilikumbuka pale mlangoni tu, miguu ndiyo iliyokumbuka.

La mbele limeng'oka jana, Monica akila muhogo. Alinililia kidogo alipoona damu, kisha akaenda kujitazama kwenye kioo mpaka nikamfukuza. La nyuma limeanza kusogea mbele, na daktari alisema ulimi wake wenyewe utalisukuma.

Mwaliko wako nimeupokea, na nakujibu kwa adabu zote. Mlango wa mbele sitapita. Uso wako sitautazama, na kwa jina lako sitakuita. Bibi yangu alinipa heshima hii, sikuiazima kwa mtu, na kwa kukosa siku moja siitupi. Monica ataingia kwako kwa mbele na mimi nitaingia kwa jikoni kama siku zote, na hiyo nyama nitakula hukohuko jikoni, nami nitaiita ya yule mwenye pembe mpaka nizeeke.

Lakini neno ng'oa nimelichukua, silirudishi. Na sauti pia. Jambo likimhusu mtoto huyu, sitasubiri mama arudi, wala Rogers apate mtandao, wala Gladness afunge duka. Nitasema kwa mdomo wangu, moja kwa moja, na wewe utanisikia, hata kama mmoja wetu anatazama ukuta.

Ile namba iliyokupigia Jumamosi asubuhi ni yangu. Mwambie Gervas akusaidie kuiandika kwenye simu: Mama Monica. Leo saa moja usiku nitaipiga. Sina shida yoyote, nataka uizoee tu sauti. Pokea, baba, na usiseme nimekosea namba.

Mkweo,
Tusajigwe